Mwenye rejista asikilizwe kwanza

Maabara ya afya ya umma ikiletewa mfumo wa kompyuta wa kufuatilia sampuli, hawakosi watumishi wanaoendelea kuandika kwenye rejista ya karatasi. Wasimamizi wa mradi huwaita wagumu wa kubadilika. Naona wanaonewa.

Hoja ya mfumo yenyewe haina ubishi mkubwa. Sampuli ya makohozi hupita mikono mingi kabla haijapimwa, na makosa mengi ya maabara hutokea huko njiani: jina limekosewa, tyubu haina lebo, fomu imeachana na kopo lake. Msimbopau, yaani lebo ya mistari inayosomwa na mashine, ukibandikwa palepale sampuli inapochukuliwa, sehemu kubwa ya makosa hayo inazuilika. Na mlipuko ukizuka, takwimu hazisubiri mtu ajumlishe kurasa mwisho wa wiki. Kwa hili rejista haifui dafu: inasomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, tena mahali ilipo tu.

Kinachonikereketa ni mfano ambao watetezi wa mifumo hupenda kuutaja. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, visa 15,841 vya UVIKO-19 havikuingia kwenye takwimu za kila siku. Majibu yalitoka maabara salama. Yalipofika Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko wakati ule, yakapakiwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao haubebi zaidi ya mistari 65,536 kwa jedwali. Kisa kimoja kilikula mistari kadhaa, jedwali likajaa mapema, vilivyozidi vikabaki nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliokosa taarifa ni wafuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao, na kazi yao huharibika kwa kila siku inayopita.

Tunaambiwa: mnaona madhara ya zana za kizamani? Ni kweli, zana ilikuwa imepitwa. Lakini hebu tuangalie namna visa vilivyopotea. Vilipotea kimya. Idadi iliyotumwa ingelinganishwa na iliyoingia kila jioni, pengo lingejitokeza siku ya kwanza. Programu mpya na ya bei kubwa nayo inaweza kumeza taarifa hivyohivyo, kama hakuna anayehesabu pande zote mbili.

Hapo ndipo rejista ilipo na nguvu ambayo haisemwi. Ukurasa ukijaa, unaonekana umejaa. Namba zikienda 214, 215, 217, jicho linakwama. Mteknolojia mzoefu akipokea boksi la sampuli huhesabu tyubu kwenye raki, anahesabu mistari aliyoandika, ndipo anaweka sahihi ya kupokea. Tendo hilo la dakika chache ni udhibiti wa ubora, na mara nyingi mfumo unapokuja hakuna aliyefikiria litafanyiwa wapi.

Halafu kuna kazi maradufu. Fomu inakuja ya karatasi, inaandikwa rejistani, inaingizwa kwenye kompyuta, na kwa kuwa mashine ya vipimo haijaunganishwa na mfumo, jibu nalo linanakiliwa kwa mkono. Kila kunakili ni nafasi mpya ya kukosea. Anayelalamikia hali hiyo anatetea majibu ya wagonjwa, si uvivu.

Usalama nao si wasiwasi wa kubuni. Tarehe 3 Juni 2024 wadukuzi waliishambulia Synnovis, inayotoa huduma za maabara kwa hospitali kubwa za London. Kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kwa kasi ya kawaida kukashindikana, hadi wachangiaji wa kundi O, ambalo damu yake huwafaa wagonjwa wengi, wakaombwa wajitokeze. Siku kama hiyo, anayejua kupokea sampuli kwa kalamu ni hazina.

Sisemi karatasi ibaki milele. Mfumo uje, lakini uanze kwa kuunganisha mashine na kuweka msimbopau pale sampuli inapochukuliwa, kabla ya michoro ya kuwaonyesha wakubwa. Rejista iondoke pale ambapo mfumo utaonyesha kila jioni sampuli zilizotumwa, zilizopokelewa, zilizopimwa na zilizotolewa majibu, pamoja na zile ambazo hazijulikani zilipo na jina la mtumishi anayepaswa kuzitafuta.