Nionyesheni ripoti ya assesa

Jamani hii maneno ya bima na mafuriko imenikaa rohoni tangu Aprili 2024, ile mvua ilinyesha Nairobi mpaka watu wa South C tukalala na maji kwa nyumba. Nina kaduka ka kushona hapo, mashine tatu na ovaloki moja, ile ya kumalizia pindo, na vitambaa vya sare nilikuwa nimeshanunua vya muhula wa pili. Maji yaliingia usiku, asubuhi nafungua mlango naona alama ya matope ukutani, juu kidogo ya goti, imenyooka kama mtu amepiga na rula.

Bima nilikuwa nayo, ya moto, na nililipa pesa ya juu ndio mafuriko yaingizwe. Nikapeleka klemu wiki hiyo hiyo. Assesa, yule mtu kampuni inatuma kupima hasara, akaja baada ya wiki tatu, nimeshaosha duka, akapima ule mstari kwa tepu, akapiga picha, akaandika kitu kwa karatasi yake akaenda. Aliandika nini? Sikuonyeshwa. Nikipiga simu naambiwa faili iko kwa mkubwa, kesho naambiwa kuna risiti inakosekana, na risiti yenyewe ilienda na maji.

Sasa mwezi wa kumi binamu yangu anayekaa St. Petersburg, Florida, akapigwa na kimbunga Milton, kilitua tarehe 9 Oktoba 2024, upepo ukang'oa kipande cha paa lake. Tukawa tunaongea usiku, ananieleza vile kampuni yake inamshughulikia, na nikabaki mdomo wazi. Kule walibadilisha sheria Desemba 2022. Ukishatoa habari, kampuni ina siku 7 za kukujibu kwamba imepokea. Ukishapeleka fomu ya hasara, kama lazima waje kukagua, wana siku 30. Assesa akimaliza hesabu yake, wana siku 7 wakutumie hiyo hesabu. Kulipa au kukataa, siku 60, zamani zilikuwa 90.

Sisemi Florida ni mbinguni. Bima ya nyumba ya kawaida huko hailipi mafuriko, unanunua nyingine kando, wengi ni ile ya serikali iliyoanza 1968, kwa hivyo baada ya kimbunga watu wanavutana kama maji yaliingia juu paa likishang'oka ama yalipanda kutoka chini. Na hiyo sheria ya 2022 ilimwondolea mwenye nyumba haki ya kulipiwa wakili na kampuni akiishinda kortini, na hapo kwangu walikosea kabisa, mtu ameezuliwa paa atatoa wapi pesa ya wakili?

Lakini ile ya kupewa hesabu ya assesa, hiyo naitaka hapa. Sheria yetu ya Bima, Sura 487, kifungu cha 203, inazungumzia siku 90 za kulipa, sawa, lakini mimi nikiuliza zimeanza kuhesabiwa lini naambiwa bado kuna karatasi inakosekana. Hatua za katikati ndizo zinamaliza mtu. Huwezi kubishana na hesabu hujaiona, na mwenye duka anachoka, kodi inadaiwa, watoto wanangoja sare, mwishowe anasaini chochote anawekewa mbele. Nawajua wawili kwa laini yetu walisaini hivyo.

Mimi nilikataa. Nikatoa kopi ya kila barua, nikaandika tarehe ya kila simu na jina la aliyeshika, nikapanda Upper Hill kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima nikaandikisha malalamiko, na sikulipa kitu. Baada ya hapo ndio kampuni ikanitumia ripoti, kurasa nne. Mstari wa matope uko, vitambaa viko, mashine tatu ziko.

Ovaloki haikuandikwa. Na ilikuwa kwa ile picha aliyopiga yeye mwenyewe, pembeni hapo, matope yamejaa hadi kwa pedo.