Fuso Inafua!

Chuo chetu cha udereva kilikuwa na Fuso moja ambayo tangu ianze kufundishia haikuwahi kubeba hata gunia la mkaa. Na gari la mizigo likiwa tupu lina wazimu wake. Ukigusa breki, nyuma inaruka. Ukipita tuta, kichwa kinagonga paa. Na kila mwanafunzi anashuka akiamini ameshakuwa dereva wa kwenda Lubumbashi. Mwalimu wetu, mzee aliyesotea njia ya Tunduma miaka mingi, alikuwa akitutazama anasikitika. "Wanangu, hapa mnaendesha bodi tupu. Siku mtakayoshuka mteremko wa Kitonga na tani kumi mgongoni ndipo mtajua breki ni kitu gani."

Mkurugenzi hakutaka kusikia habari za mchanga wala kokoto, maana mchanga unanunuliwa. Ila ana mpwa wake Uingereza, na huyo ndiye aliyemwambia kwamba kule lori la mtihani wa daraja C, yaani leseni ya malori makubwa, linabebeshwa matangi matano ya lita 1,000, yamejaa maji pomoni. Lita moja kilo moja, tangi moja tani moja. Mkurugenzi aliposikia matano akanunua sita, Waingereza wasije wakatuzidi.

Yalikuwa yale matangi meupe ya plastiki yaliyozungushiwa kizimba cha chuma, koki chini, mfuniko mpana juu. Mtumba, yametoka kwa watu wanaotengeneza sabuni ya maji. "Yameshaoshwa hayo," alisema Mkurugenzi, na hakuna aliyemuuliza yameoshwa na nani.

Mwalimu alisimamia upakiaji kama anayemwoza bintiye wa pekee. Matangi yakae safu mbili, matatu kulia, matatu kushoto. Yabane mpaka kwenye ubao wa mbele, ili ukifunga breki yasipate pa kukimbilia. Mikanda ipite juu ya kila jozi na ikazwe hadi iite ukiipiga kidole. Mifuniko ikazwe. Na maji yafike shingoni, kwa sababu tangi lililojaa linatulia, ila likiwa nusu, maji yanatembea humo ndani na gari linaenda yanakotaka yenyewe. Yote haya alikubaliwa, kasoro moja. Yeye alitaka koki zitazame ndani, Mkurugenzi akataka zitazame nje, "siku ya kumwaga tusihangaike." Mwenye mali akisema, nani mwingine aseme? Boza likaja, likajaza, turubai likatandazwa juu, Fuso ikaegeshwa ubavu wa kulia ukiwa umelala ukutani, mlinzi akakabidhiwa.

Sasa kumbuka majira yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu umepungua, Dar imeingia kwenye mgao, na kwetu Tabata ukifungua bomba unasikia upepo tu. Katika hali hiyo tumeacha tani sita za maji, koki zikitazama barabarani, chini ya mlinzi ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita ulikuwa bado "unashughulikiwa".

Asubuhi tulianzia kwa mama ntilie wa getini, kama kawaida. Chai ya siku hiyo ilikuwa na povu zuri juu. "Mama, leo maziwa umepata ya ng'ombe kweli," Mwalimu alimsifu. Mama akaangalia pembeni, akammiminia kikombe kingine bila kuombwa.

Tulipoingia uani, Fuso ilikuwa imelalia kulia. Mwalimu akachuchumaa, akatazama, akasema springi imekatika. Akaitwa fundi, akaingia uvunguni, akakaa huko muda wa kutosha kudai elfu kumi, akatoka akisema springi haina neno, labda gari lipelekwe gereji yenye shimo. Mlinzi akachangia kwamba huenda ardhi imedidimia kwa mvua. Mvua ipi? Ingekuwepo mvua tungekuwa na maji. Nilichokiona mimi ni kwamba turubai lilikuwa limefungwa vizuri kuliko tulivyolifunga jana yake.

Usukani akapewa dada mmoja aliyekuwa mtulivu kuliko sisi wote. Tukatoka taratibu, na kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Gari lililolalia kulia ukilikatisha kushoto linazidi kwenda huko huko kulia. Sisi tuliobanana kwenye kebini tukajikuta tumeegemea kushoto wote kwa pamoja, Mwalimu akiwemo, utadhani kilo zetu zingeokoa kitu. "Taratibu, binti. Taratibu, mama yangu." Tukapita.

Mbele kidogo bodaboda akakatiza. Dada akafunga breki, safi kabisa, gari likasimama.

Maji hayakusimama.

Kikasikika kishindo mgongoni mwetu na Fuso ikasukumwa mbele huku breki zimeshika. Kisha maji yakarudi nyuma, nayo ikarudi nyuma. Kisha mbele tena. Dada akiapa kwamba mguu wake haujatoka kwenye breki, Mwalimu akiita "Breki! Breki!" na juu turubai likianza kuvimba. Mifuniko ya upande wa kushoto ilikuwa imewekwa tu, haikukazwa, maana ukitaka maji yatoke kokini upesi sharti ulegeze juu hewa iingie. Ikaruka. Ndipo povu likaja: jeupe, zito, linanukia ndimu, likamwagika juu ya kebini na kuteremka kiooni hadi tukaacha kuona barabara. Dada wa watu akawasha waipa. Hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu waipa zililichanganya vizuri zaidi.

"Fuso inafua!" alipiga kelele yule bodaboda, na mtaa mzima ukatoka.

Turubai lilipofunuliwa, matangi ya kulia yalikuwa yamejaa kama tulivyoyaacha. Ya kushoto, moja halina kitu, mawili yako nusu. Mlinzi akaletwa na hakubisha. Dumu moja mia tano, aliuza karibu madumu mia. Ya kulia hakuyafikia, ukuta ulimzuia. "Na bosi," alijitetea, "mimi nilikuwa nalipunguzia gari uzito, lisichoke."

Mama mmoja kwenye umati akadakia kwamba maji yenyewe kwa kufulia hayana mfano, hata sabuni hakutia, ila wali umegoma kulika.

Mkurugenzi akatoa kalamu, akataka atajiwe wanunuzi wote. Mlinzi akaanza kuhesabu kwa vidole: kinyozi, madumu manne, fundi cherehani, mawili, mama ntilie wa getini, matano, ya chai.

Mwalimu akashika tumbo. Mkurugenzi akaacha kuandika, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza alikunywa vikombe vingapi.