Seli za Maabara Zinatuambia Nini Kuhusu Sumu ya Kromiamu?

Wanaotilia shaka majaribio ya sumu kwenye seli zinazokuzwa maabara husema kwamba sahani ya kukuzia seli haina tumbo, ini wala figo, kwa hiyo matokeo yake hutia chumvi. Wanaoyatetea hujibu kwamba mnyama mzima huonyesha madhara lakini huficha njia yaliyopitia. Kromiamu, ambayo ni metali, inazipa pande zote mbili hoja, ingawa si kwa kiasi sawa.

Ni ndani ya seli ambamo tofauti ya kromiamu sita na kromiamu tatu, aina mbili za metali hiyo zinazotofautiana kwa idadi ya elektroni ilizopoteza, inaonekana wazi. Kromiamu sita, katika umbo la kromati, inafanana na salfeti ambayo seli inaihitaji, hivyo hupitishwa kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji; ikishaingia hupokea elektroni, hugeuka kuwa kromiamu tatu na kung'ang'ania DNA. Kromiamu tatu ikiwekwa nje ya seli huingia kwa shida sana. Kwa hiyo anayesema tu kwamba "kromiamu ni sumu", bila kutaja aina, hajasema lolote la maana.

Wenye shaka wana hoja nzito pia: kromiamu sita ikimezwa, tindikali ya tumbo na vimiminika vyake huigeuza sehemu kubwa kuwa kromiamu tatu kabla haijafika kwenye utumbo, kinga ambayo sahani haina. Hata hivyo, wanakosea wanapodhani kwamba kosa la sahani huelekea upande mmoja tu. Seli za maabara kwa kawaida huwa na vitamini C kidogo mno kuliko seli za mwilini, na vitamini hiyo ndiyo mojawapo ya vitu vikuu vinavyoigeuza kromiamu sita ndani ya seli. Zinaporudishiwa vitamini C, mabadiliko ya vinasaba huongezeka. Hapo sahani ilikuwa ikipunguza hatari, si kuikuza.

Mwaka 2008 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa miaka miwili ambamo panya walionyweshwa kromiamu sita kwa viwango vikubwa walipata uvimbe wa saratani mdomoni na kwenye utumbo mwembamba, kumaanisha kwamba kinga ya tumbo ina kikomo. Kikomo hicho hakiwezi kupimwa kwenye sahani, na kwa sababu hiyo nisingekubali kiwango cha maji ya kunywa kipangwe kwa matokeo ya seli peke yake; wala nisingeamini matokeo ya seli yasiyotaja kilichokuwamo kwenye kimiminika zilimokuzwa seli hizo.