Mpatanishi Mmoja, na Foleni ya Wanaotaka Kumsaidia

Kila tarehe 3 Juni, Namugongo, pembezoni mwa Kampala, hufurika mahujaji kutoka Uganda yote, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi. Wanakwenda kuwakumbuka vijana waliochomwa moto hapo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Waliouawa walikuwa Wakatoliki na Waanglikana, na moto ulikuwa mmoja. Leo Wakatoliki wana eneo lao la hija na Waanglikana lao, na ukisikiliza sala utajua uko upande gani. Kwa Wakatoliki utasikia: "Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee." Kwa Waanglikana, Mungu anashukuriwa kwa ajili ya mashahidi wake na waumini wanahimizwa kuiga imani yao. Anayeombwa ni Mungu tu.

Mgawanyiko huo unashikiliwa na mstari mmoja wa Biblia, 1 Timotheo 2:5: Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu. Hakuna Mkristo wa madhehebu makubwa anayeukana. Ugomvi ni juu ya nani mwingine anaruhusiwa kusimama karibu na huyo mmoja, na anasimama hapo kufanya nini.

Waprotestanti wanausoma kama ulivyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wanalishika mpaka leo, halikuwatupa watakatifu nje. Kifungu cha 21 kinataka wakumbukwe na imani yao ifuatwe. Kinachokataliwa ni kuwaomba msaada, kwa sababu Maandiko yanatuwekea Kristo peke yake kuwa mpatanishi. Ongeza Waraka kwa Waebrania, unaosema Kristo yu hai siku zote ili awaombee wanaomjia Mungu kwa yeye, na unaowaalika waumini wakikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Sasa kama mlango uko wazi na mwenye nyumba mwenyewe anakuita, unamtafuta nani wa kukusindikiza?

Mkatoliki anayeijua dini yake haukimbii mstari huo. Anarudi nyuma mistari minne tu, pale sura ileile inapofunguliwa kwa kuwataka waumini wafanye dua, sala na maombezi kwa ajili ya watu wote. Kama kumwombea mwenzako kungekuwa kumpora Kristo nafasi yake, Paulo angekuwa amejipinga ndani ya ukurasa mmoja. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563, ulisema kuwaomba watakatifu watuombee ni jambo jema na lenye manufaa. Haukusema kwamba bila wao sala haifiki. Mwaka 1964, mwezi mmoja baada ya Papa Paulo VI kuwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya Kanisa. Ilipofika kwenye nafasi ya Maria, hati hiyo ilinukuu kwanza 1 Timotheo 2:5, kisha ikaeleza kuwa chochote anachofanya Maria hakiongezi wala hakipunguzi kitu kwenye upatanishi wa Kristo.

Kwa hoja hiyo ya maombezi, naona Wakatoliki wana nguvu kuliko wanavyokubaliwa na wapinzani wao. Mlokole anayehubiri asubuhi kwamba Maria hatuombei ndiye huyo huyo mchana anayetuma ujumbe wa WhatsApp: "Mtumishi, niombee, kesho nina usaili." Kanuni ameshaikubali. Kilichobaki ni kama kifo kinaikata kamba hiyo, na hapo ndipo Mprotestanti anapopata pumzi. Biblia yake haina mahali ambapo mtu aliye hai anamgeukia mwenye haki aliyekufa amwombee, na Kumbukumbu la Torati 18 inakataza vikali kuwaomba wafu. Mkatoliki atamwonyesha Ufunuo 5, wazee wa mbinguni wakishika vitasa vya uvumba ambavyo ni sala za watakatifu. Ni kweli wamezishika, lakini sura haisemi sala hizo zilielekezwa kwao. Atamwonyesha pia Wamakabayo wa Pili 15, Yeremia aliyekwisha kufa akiliombea taifa lake, na Mprotestanti atasema kitabu hicho kwenye Biblia yake hakimo. Mjadala unahamia kwenye idadi ya vitabu, na huko hauishi leo wala kesho.

Ila mafundisho ni kitu kimoja, na yanayosikika kwenye jumuiya mwezi wa Rozari ni kingine. Zamani kabla ya redio na YouTube kumekuwapo mahubiri yanayomchora Mwana kama hakimu mkali na Mama kama mwenye huruma anayemshika mkono asipige. Hilo likiaminiwa, Kristo anageuka kutoka mpatanishi na kuwa tatizo linalohitaji mpatanishi. Vatikano yenyewe imeliona. Novemba 2025, Idara ya Mafundisho ya Imani, kwa idhini ya Papa Leo XIV, ilitoa hati inayosema jina "Mkombozi-mwenza" halifai kutumika kwa Maria, na kwamba jina la mpatanishi kwake litumike kwa uangalifu mkubwa. Ikaonya pia dhidi ya kumfanya Maria kinga ya kuikwepa haki ya Mungu, kana kwamba huruma ya Mungu imepungua. Waprotestanti wamekuwa wakisema hivyo kwa karibu miaka 500. Haki yao wapewe.

Kuna jirani anayeshangaa kwa nini tunabishana juu ya idadi ya wapatanishi kabla ya kuthibitisha kama mpatanishi anahitajika. Muislamu anasoma katika Sura ya Al-Baqara kwamba Mwenyezi Mungu yuko karibu na anamwitikia mwombaji anapomwomba. Uombezi siku ya Kiyama upo, lakini kwa idhini yake. Hata hivyo Waislamu wa pwani nao wana kesi yao inayofanana na ya Namugongo: tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa kupitia cheo cha Mtume au cha mawalii. Wanaosoma maulidi Lamu na wanaoyaita bidaa, yaani uzushi katika dini, hawajamaliza ubishi huo.

Jibu la Kikristo kwa swali la jirani si lile linalopendwa mimbarani, la Yesu kama mshenga. Mshenga hutumwa na upande mmoja kwenda kuulainisha upande wa pili, na akishamaliza kazi anakwenda zake. Ukilichukulia hivyo, Mungu anaonekana kama baba mkwe aliyenuna. Ayubu alililia kitu tofauti: alisema hakuna mwenye kuamua kati yake na Mungu, awezaye kuwawekea mkono wote wawili. Madai ya Wakristo, yaliyowekwa katika maneno rasmi na Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451, ni kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli. Pande zote mbili zimo ndani yake. Kwa maana hiyo Mungu hakutuma wakala, amekuja mwenyewe. Unaweza kuyakataa madai hayo, na Muislamu anayakataa waziwazi, lakini ukiyakubali huwezi tena kuona kazi gani imebaki kwa mpatanishi wa pili. Anaweza kuwapo wa kusali pamoja nawe. Wa kukufungulia hayupo.

Ndiyo maana nashangaa ulinzi mkali uliowekwa upande wa Maria huku upande wa pili, wa watumishi walio hai, hauna hata mlinzi. Mwaka 2011 maelfu ya magari yalielekea Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kanisa la Ungamo lile lile la Augsburg. Kikombe cha dawa yake ya mitishamba kilikuwa Sh 500, bei isiyoweza kuitwa ya mlanguzi, na sidhani ni haki kumweka mzee yule kundi moja na wafanyabiashara wa miujiza. Lakini kikombe kilinywewa pale pale, kutoka mkononi mwake. Wagonjwa waliosafirishwa mamia ya kilomita walikuwa na Mungu wao huko nyumbani Mwanza na Dar es Salaam. Walichokifuata ni mkono.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa injili walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Anayetaka kuyatetea mafuta ana Maandiko. Yakobo 5 inaagiza mgonjwa apakwe mafuta, na Matendo 19 inasimulia leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zikiponya. Hoja hiyo siipuuzi. Lakini Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwendee. Ni wengi, ni wa kanisa lake, na wao ndio wanaotembea. Kwenye viwanja vyetu anayetembea ni mgonjwa, naye anatembea kumfuata mtu mmoja ambaye mafuta ya mwingine hayawezi kulingana na yake. Mtakatifu aliyekufa mwaka 1886 hawezi kukutoza kiingilio wala kukuambia baraka zako zimefungwa mpaka utoe sadaka ya kufungulia. Mtume aliye hai anaweza, na wapo wanaofanya.

Mkatoliki aliyezidisha heshima ya Maria ana ofisi juu yake inayoweza kumwambia hilo jina liache, kama ilivyofanya mwaka 2025. Mlutheri ana Ungamo na askofu. Mwenye huduma yake binafsi, aliyejipa utume mwenyewe, ana Msajili wa Jumuiya anayekagua katiba na hesabu za huduma. Kama waumini wake bado wanaamini wanaweza kumfikia Mungu bila yeye, Msajili hana fomu ya kuuliza.