Kabla ya kununua kicheza muziki, hesabu dakika

Apple walipotoa iPod ya kwanza mwaka 2001 ilikuwa na GB 5, wakajigamba kwamba inabeba nyimbo 1,000. Gawanya mwenyewe: kila wimbo umetengewa MB 5, yaani wimbo wa dakika nne uliobanwa ukabanika. Mimi nimelelewa kwenye taarabu. Dakika nne kwetu mwimbaji hata hajainua kichwa, fidla na ganuni ndiyo kwanza zinaamkiana.

Ndiyo maana nikiona boksi limeandikwa "nyimbo elfu kadhaa" naliruka. Nahesabu dakika. MP3 ya 320 kbps, yaani kilobiti 320 kila sekunde, inakula MB 2.4 kwa dakika. FLAC, ambayo inapunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote kwenye sauti, inakula kama MB 6 au 7, kutegemea muziki wenyewe. Wimbo wa robo saa basi ni MB 36 kwa MP3 na karibu MB 100 kwa FLAC. Ile memori kadi ya GB 128 iliyokuwa ikionekana bahari dukani inakupa nyimbo 1,200 hivi za namna hiyo kwa FLAC, basi. Mwenye sanduku la kaseti za mama yake kama mimi ataijaza.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usilipie memori ya ndani, lipia tundu la kadi. Wapenzi wa iPod Classic walikuwa na GB 160 mfukoni tangu 2007, na mwaka 2014 Apple wakaacha kuiuza. Nyingi zilizobaki mikononi mwa watu diski zake zimechoka, maana ndani mna diski inayozunguka kabisa, kama ya kompyuta. Wapo mafundi wanaoitoa na kupachika adapta ya memori kadi mahali pake, halafu wanaweka programu ya Rockbox ili isome hata FLAC, ambazo programu yake ya asili haizitambui. Kazi nzuri, nawavulia kofia. Ila mtu anayetaka kusikiliza tu, asiyetaka kushika bisibisi, achukue mashine inayopokea kadi tangu kiwandani, na asome kwanza inakubali kadi ya ukubwa gani. Vicheza vingine vya bei ndogo vinaishia GB 256, na vingine vina ukomo hata wa idadi ya mafaili.

Kwenye kadi ndipo nilipolizwa. Nilinunua ya GB 512 kwa bei iliyonifanya nitoke dukani haraka, muuzaji asije akabadili mawazo. Nikaipachika, kompyuta ikasoma 512. Hapo tu ningeshtuka: kadi halali ya 512 kwenye Windows husomeka 476 na ushee, kwa sababu ya namna mbili za kuhesabu gigabaiti. Nikamimina nyimbo usiku kucha. Asubuhi majina yote yapo, yamejipanga kwa herufi, lakini ukigusa wimbo, kimya. Za mwanzo zinapiga, zilizofuata zote hewa. Ilikuwa kadi ndogo iliyofundishwa kusema uongo kuhusu umri wake. Siku hizi sipakii hata wimbo mmoja kabla ya kuijaribu kadi kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza kadi yote kisha inasoma tena ilichoandika. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye kazi, wewe kalale.

Tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo watu wanapopigwa bei. Stika ya dhahabu ya "Hi-Res" inahusu mafaili yanayoipima sauti kwa undani zaidi, kama ya biti 24 na kHz 192, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 192,000 kila sekunde. CD ya kawaida, kwa sampuli zake 44,100 kila sekunde, inabeba sauti nyembamba hadi kama kHz 22, yaani mitetemo 22,000 kila sekunde. Sikio la kijana linaishia kwenye 20. Langu limeshateremka zamani. Na kaseti ya kawaida huifikia kHz 15 kwa taabu. Sasa ukiibadilisha kaseti ya harusi kuwa faili la 192, umehifadhi nini hasa? Mkwaruzo wa utepe, kwa ubora wa juu kabisa.

Mimi naangalia mambo mawili yasiyo na stika. Chomeka eafoni zako mwenyewe, simamisha wimbo, pandisha sauti, sikiliza. Ukisikia "shiii" ya upepo, rudisha, maana upepo huo utaukuta chini ya kila udi utakaolia polepole. La pili ni nguvu. Eafoni ndogo za omu 16 au 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) hazisumbui, lakini ukivaa hedifoni kama Sennheiser HD 600 za omu 300, mashine dhaifu itazipigia kama redio ya jirani. Na kama una pesa ya kuongeza, iongeze kwenye eafoni. Kubadili eafoni nilisikia siku hiyohiyo. Kubadili mashine ya bei ya kati kwa ya bei kali, sikuweza kuapa.

Waya pia naomba msiucheke. Bluetooth inaibana sauti upya njiani. Hata LDAC ya Sony, njia ya kubana sauti ya Bluetooth ambayo ni miongoni mwa zilizo bora, inaishia 990 kbps wakati CD ni 1,411. Kwenye kelele za barabarani hutajua tofauti, sawa. Usiku chumbani utajua.

Mtaniuliza, simu ina shida gani? Simu inapiga kengele. Kwenye basi la Tanga mpaka Dar nimeshakatiziwa beti ileile mara tatu na mtu anayeniuliza nimefika wapi. Halafu kuna vitufe. Ndani ya daladala mkono mmoja uko kwenye bomba, mwingine umebanwa mfukoni, na kidole kinaujua mpapaso wa kitufe cha kurudisha wimbo bila jicho kuhusika. Kioo cha kugusa hakikupi hilo, na kukitoa hadharani ni kumwita mwizi kwa jina.

Nilichonacho sasa ni kidogo kama kiberiti kikubwa, vitufe vitano, kadi ya 256 iliyofaulu mtihani. Mama nilimvisha eafoni mwezi uliopita. Akasikiliza kimya, kisha akapaza sauti kama watu wa eafoni wanavyofanya: "Mbona umeukata huu?" Sikuukata. Upande A uliishia hapo, nami nilisahau kuunganisha na B. Kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90 zake kamili kwenye deki, haiharakishwi, na sandukuni zimebaki arobaini na moja.