Mimi Mdau

Jamani, nimekuwa mdau. Msicheke. Miaka 49 nimeitwa majina mengi, machinga, mpangaji, mteja, "wewe mwenye fulana ya kijani rudi nyuma", lakini mdau sijawahi. Nilikuwa nimekaa zangu Mbagala Rangi Tatu, viatu vya mtumba nimevimwaga kwenye turubai, napiga brashi kiatu cha kulia ambacho mwenzake namtafuta tangu Jumatatu. Simu ikaita. Kuangalia, mtendaji wa mtaa. Moyo paa! Mtendaji hapigi simu bure, ama kuna mchango ama tunahamishwa.

"Mzee, umeteuliwa," akasema. "Kuna warsha ya wadau, ya mageuzi ya kidijitali jumuishi. Wewe utawakilisha wananchi wa kawaida."

Nikauliza swali ambalo mwananchi wa kawaida yeyote angeliuliza: "Kuna posho?"

"Ipo nauli."

Basi, nikakubali kuwawakilisha.

Hoteli ina kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Mlangoni dada mmoja nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ananionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani ina mraba wa madoadoa meusi, kama shuka lililotafunwa na panya. "Karibu baba, skani hapa ujisajili." Nikatoa simu yangu ya kitochi. Dada akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa jino lililong'oka. Nikamwambia tochi yake kali sana, kama hiyo skani shida yake mwanga, nimulike tu. Akacheka, akaamua kunisajili kwa simu yake. Jina, sawa. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nimezikariri kuliko siku za kuzaliwa za wanangu. Halafu: "Barua pepe?"

Nikampa ya Injinia.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze Injinia ni nani. Ni kijana wa steshenari pale mtaani kwetu, ana kompyuta moja, printa moja inayokohoa, na feni isiyozunguka. Mtaa mzima barua pepe yetu ni moja, yake. Ombi la mkopo wa chuo la mtoto wa Mama Zuhura, leseni ya fundi friji, cheti cha kuzaliwa cha mapacha wa nyumba ya nyuma, vyote vinapita kwake. Serikali ikitutumia ujumbe watu mia, simu inayotetemeka ni moja, mfukoni kwa mtoto wa miaka 23. Nywila zetu zote anazo kwenye daftari la kaunta buku, kurasa za mwanzo madeni ya fotokopi, kurasa za mwisho siri za taifa. Kujaza fomu ni elfu moja, kuchapa mia mbili kwa ukurasa, ushauri bure kama huna haraka.

Nisiwe mnafiki lakini. Zamani ukienda kulipia kitu ofisini unampa mtu hela mkononi, anafungua droo, anakuandikia risiti kwenye kitabu ambacho nakala ya chini hujui inaenda wapi. Tangu 2017 ilipokuja ile kontroo namba, namba ya kulipia serikalini, tarakimu 12, unalipa kwa simu umekaa kwenye mkeka wako, droo ya mtu haifunguki. Hilo nalisifu mchana na usiku. Ila hiyo namba yenyewe unaipataje? Unaingia kwenye mfumo. Mfumo unaingiwaje? Kwa Injinia. Foleni iliyokuwa kwenye korido ya ofisi sasa iko nje ya steshenari, juani, na benchi lina misumari.

Turudi ukumbini. Akapanda jamaa mmoja wa kwetu, suti imembana, akasema kabla hatujaanza lazima tuzingatie hadidu za rejea. Nikageuka kumtafuta. Mimi nilimjua Hadidu mmoja tu, wa Kilwa, alikuwa anauza pweza. Nikamnong'oneza mama wa vikoba aliyekaa kando yangu, "Hadidu mwenyewe yupi?" Naye akanong'ona, "Nafikiri bado hajafika." Tukamsubiri wote wawili mpaka saa nne. Kila dakika tano anatajwa: hadidu zinasema hivi, hadidu haziruhusu vile. Nikasema huyu bwana lazima ndiye mwenye hela. Kumbe ni karatasi! Ile inayomwelekeza mshauri elekezi afanye nini na aishie wapi.

Na mshauri elekezi mwenyewe alikuwepo, Mzungu mrefu, mpole, ameng'ang'ana na Kiswahili mpaka huruma. Alimpa shikamoo kila mtu, hadi msichana wa chai, binti akaona aibu akaacha birika. Akatuonyesha picha za nchi inaitwa Estonia. Kule, anasema, tangu 2001 wana mfumo unaitwa X-Road, ofisi zote za serikali zinapeana taarifa zenyewe, wewe hubebi bahasha kutoka dirisha hili kwenda lile. Kwa miaka mingi mambo yaliyokulazimisha kutoka nyumbani yalikuwa matatu: kuoa, kuachana, na kununua au kuuza nyumba. Ukumbi ukaguna. Mimi nikawaza kuachana kwetu hakujawahi kuhitaji ofisi wala mtandao, mke wangu wa kwanza alimwachia maagizo muuza genge.

Nikanyoosha mkono. "Hao watu wa huko wako wangapi?"

"Milioni moja na laki tatu."

Jamani! Sensa ya 2022 Temeke peke yake, manispaa yetu hii, tulihesabiwa 1,346,674. Nchi nzima ni Temeke! Toa hata Ilala, toa Kinondoni. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hiyo siyo nchi, hiyo ni sisi, ila wenyewe hawagombanii daladala." Wakacheka, akaandika kwenye daftari. Sijui aliandika nini. Labda "Temeke".

Mwingine akaja na ya mikopo. Benki ya Dunia mwaka 2021 ilipitisha dola milioni 150 kwa mradi wa Tanzania ya kidijitali, minara, mifumo, mafunzo, na kadhalika. Nilijaribu kuzigeuza ziwe jozi za viatu vya mtumba, kichwa kikazima nikiwa bado kwenye ndala.

Kisha wakatutaka tutoe ushuhuda, kila mdau aseme alivyojumuishwa. Nikasema mimi nimejumuishwa kikamilifu kwenye luku. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa ukinunua umeme, ilianza elfu moja kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Jengo siyo langu. Mimi ni chumba kimoja, mlango wa tatu kushoto, choo cha pamoja. Ukiuliza unaambiwa mtakatana na mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. We! Mwenye nyumba wa Mbagala umewahi kukatana naye nini zaidi ya maneno? Yule wangu nilipomgusia alinijibu, "Kama unalipa kodi ya jengo, basi na paa linalovuja ni lako, ziba." Ukumbi ukapiga makofi. Ndipo nikapata kichwa, nikaleta na la mama.

Mama yangu ni mtu wa Newala. Amebangua korosho miaka na miaka, na wanaojua korosho wanajua: ganda lina mafuta makali, yanaunguza ngozi mpaka vidole vinakuwa laini kama mgongo wa kijiko. Mwaka jana laini yake ikapotea. Kuirudisha lazima kidole. Tukaenda kwenye duka moja la simu, silitaji. Kijana wa pale, mstaarabu tu, akamwambia bonyeza hapa mama. Nyekundu. Akamfuta kidole kwa kitambaa chenye maji. Nyekundu. Kidole gumba, cha shahada, cha kati, mkono wa kushoto, nyekundu tupu. Akasema, "Mama, sugua kwenye nywele kidogo, kipate mafuta."

Mama akamtazama. "Nivue ushungi dukani?"

"Basi kwenye za kaka hapo."

Mimi nina kipara. Lakini kwa ajili ya laini nikainama, mbele za watu, mama akanisugua utosi kwa vidole kumi kama anayekuna nazi. Watu nyuma kwenye foleni wameshika midomo. Akarudisha kidole kwenye kile kidude. Nyekundu. Mama akavuta mkono, akauangalia, akasema taratibu, "Vidole hivi vimekusomesha wewe mpaka darasa la saba. Leo havisomeki."

Nilipolisema hilo ukumbini pakawa kimya. Mshauri elekezi alipotafsiriwa akawa mwekundu kama ile taa. "Hoja nzuri sana," yule wa suti akasema, "tunaichukua." Na kweli waliichukua. Dada nadhifu akaandika kwenye kikaratasi cha njano chenye gundi, VIDOLE, akakibandika ukutani kati ya UELEWA na MKONGO.

Sasa mimi kwa kazi yangu watu siwaangalii usoni, naangalia miguuni. Saa ya chai, sambusa mbili kila mdau, wanaojua wakachukua nne, namwona yule bwana wa suti amekaa kando ya meza, mguu kaukunja nne. Kiatu kizuri, cha ngozi, soli imeliwa kisigino cha nje, mtu wa kutembea amelalia upande. Na pale kwenye soli kimebandika kitu cha njano. Akaenda nacho msalani, akarudi nacho, akaenda nacho kumsindikiza mgeni rasmi garini. Hoja ya mama yangu imetembea sana siku ile, huwezi kusema haikushughulikiwa.

Tukaja kwenye nauli. Zamani ilikuwa bahasha, unasaini, unahesabu ukiwa umegeukia ukuta. Siku hizi hapana, uwazi, inaingia kwenye simu. Kumbe mimi nina siri. Mnakumbuka kile kimuhemuhe cha kusajili laini kwa vidole? Mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, namba yangu ya NIDA ilikuwa bado haijatoka, laini inakaribia kufungwa, wateja wangu wote wako humo. Dada yangu Somoe akaniwekea kidole chake. Tangu siku hiyo kwenye mtandao mimi ni Somoe. Nimezoea, muuza mahindi akinilipa anaandikiwa "umetuma kwa Somoe", ananiangalia, ananyamaza.

Siku mbili baadaye ikaja simu. "Halo, naongea na Bi Somoe?"

Mwanaume mzima na ndevu zangu. Nikabana pua. "Ndiyo, mwanangu."

"Bibi, kwenye orodha yetu namba hii ni ya mdau mwanamume. Majina hayafanani, mfumo umekataa kulipa. Na pia kuna dodoso la tathmini tumekutumia kwenye barua pepe, lijazwe, bila hilo faili halifungwi. Ukijaza weka na jina sahihi."

Nikafunga turubai, nikaenda kwa Injinia. Foleni watu tisa, wanne nawafahamu, wadau wenzangu, mama wa vikoba yupo, ameshika sambusa iliyobaki kwenye leso. Wote dodoso. Injinia ameinama, jasho linamtiririka, printa inakohoa.

"Shikamoo baba mkubwa. Nawe la ujumuishi?"

"Marahaba. Ndiyo mwanangu. Na wewe mbona hukuitwa kule?"

"Niliitwa," akasema bila kuinua macho. "Barua pepe yao ilikuja kati ya zenu mia na kitu, nikaiona Jumamosi. Shilingi ngapi unayo?"

"Elfu moja."

Akafungua. Maswali ishirini na mbili. Akashuka nayo haraka haraka, anabonyeza, anabonyeza, naona kila mstari anaweka alama sehemu ileile, mwisho kulia. Nikavaa miwani, nikasoma: Nimeridhika sana. Nimeridhika sana. Nimeridhika sana.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, "hapo kwenye 'mfumo unafikika kwa watu wote', mimi sijaridhika bwana. Mama yangu je? Na nauli yangu je?"

Injinia akageuka, akafuta jasho kwa fulana. "Baba mkubwa, sikiliza. Ukisema hujaridhika, linafunguka sanduku la kuandika maelezo, maneno yasipungue hamsini. Kuandika maelezo naongeza mia tano kwa kila sanduku. Wewe una elfu."

Nikapiga hesabu. Masanduku ishirini na mbili. Nyuma yangu mama wa vikoba amekohoa ile ya kusema watu tunasubiri.

"Weka nimeridhika sana," nikasema. "Na hiyo namba ya simu, andika mdau ni mwanamke."