Sangara Hamtishi Mtu Mwanza

Nimeamshwa na meseji ya sauti. Mtu mzima, mwenye familia, mwenye steshenari yake pale Makoroboi, naamshwa kabla jogoo hajakohoa ili niambiwe, "Fundi, posta nimeiona, kali sana, ila huyo samaki anacheka."

Anacheka! Samaki niliyekesha naye kwa jenereta la jirani, maana habari za umeme mnazijua wenyewe.

Kwanza, mimi siyo fundi. Fundi ni wa baiskeli. Mimi ni mbunifu wa michoro na cheti ninacho, kimetundikwa ukutani juu ya fotokopi, hapo hapo mnapowekaga maandazi yenu mkisubiri nakala ya cheti cha kuzaliwa. Sasa kuna dairekta mmoja, kijana wa Nyakato, kashuti muvi ya kutisha. Jini limeingia ndani ya sangara, sangara anakula wavuvi. Akaja na simu ya kioo kilichopasuka, ndani yake ile posta ya muvi ya Jaws ya mwaka 1975, dada anaogelea juu, papa anapanda kutoka chini mdomo wazi. Akasema, "Kaka, nataka hivi hivi. Toa papa, weka sangara."

Posta ile ni kazi, simbishii mtu. Aliyeichora, Roger Kastel, alikwenda mpaka makumbusho ya viumbe New York akawatazame papa kwa macho yake. Nikajiambia heshima ya kazi ni hiyo, nikapanda daladala hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba nikamtazame sangara.

Sidhani kama New York kuna mtu alimkunja Kastel shati. Mimi kutoa simu tu, mama mmoja kanidaka. "Wewe, unapiga picha ama unanunua?"

"Shikamoo mama. Natafuta sura ya kutisha."

Akanitazama toka utosini hadi kwenye ndala. "Sura ya kutisha ndiyo umeifuata kwangu?"

Wapagazi wakatua mizigo ili wacheke vizuri. Nikaeleza kwa unyenyekevu kwamba ni sura ya samaki. Mama akasema ya samaki ni elfu mbili, akifumbuliwa mdomo elfu tatu. Nikalipa tatu. Akaokota kijiti, akalichokonoa taya la sangara mmoja mkubwa, akalipanua na kulikingamiza kijiti kile kile lisijifunge. Ndani kweupe, ulimi mnene, inzi wawili wanatoka bila haraka yoyote. Jicho jeusi lenye pete ya njano linanitazama mimi, siyo mwingine. Hapo kweli mwili ukanisisimka. Nikapiga magoti kwenye yale maji mnayoyajua ili nipate pembe nzuri.

Watu wakajaa. Na hakuna aliyeogopa! Mmoja akauliza kilo ngapi. Mzee mwenye kofia ya pama akainama, meno hakuyaangalia hata kidogo, akaangalia tumbo, akatikisa kichwa taratibu kama daktari bingwa. "Bondo lake hapa litakuwa zuri."

Basi kwisha. Mkutano wa hadhara ukahamia kwenye bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki. Bei ya bondo mwaka jana, bei ya bondo leo, Wachina wanalifanyia nini, shemeji ya fulani aliyejenga Buswelu kwa mabondo matupu. Mwanza nzima kila mtu ana shemeji aliyejenga kwa mabondo, isipokuwa mimi, shemeji zangu wote wamepanga. Nikabaki nimepiga magoti peke yangu na simu yangu. Nikamsikia kijana nyuma yangu anauliza huyu kaka anasali?

Mtaniambia mimi. Sangara anafika kilo 200 na urefu wa mita 2. Kapandikizwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, samaki wetu wadogo wa asili, mpaka aina nyingi zikapotea kabisa. Jini gani tena mnataka zaidi ya hilo? Lakini mchoree mtu wa Mwanza sangara wa kilo 200 anamrukia mwanamke, mwanamke hatamwona. Atapiga hesabu. Atasema huyo dada asogee, anamziba samaki.

Nikampa dairekta ushauri wa kitaalamu, bure. Samaki tumfiche. Posta ya kutisha inatisha kwa kile isichoonyesha. Weka maji meusi, mtumbwi mdogo, karabai moja inayotaka kuzimika, juu giza, chini giza, mtazamaji ajaze hofu yake mwenyewe. Kijana akanisikiliza kwa adabu zote.

"Nimekuelewa sana kaka. Sasa hapo kwenye giza, weka waigizaji."

Wote! Kwa sababu kila mmoja kachangia. Huyu katoa mtumbwi, yule katoa nyumba ya kushutia, mama wa chipsi alilisha kambi, hivyo kwenye muvi hayumo lakini kwenye posta awemo, na namba yake ya simu iwemo. Wakatuma picha. Wote wanatabasamu. Mmoja kakatwa kwenye picha ya harusi, mkono wa mtu mwingine umebaki begani kwake, na huo mkono ndiyo kitu pekee cha kutisha kwenye posta nzima. Samaki naye abaki. Halafu Jiwe la Bismarck liwepo, watu wajue ni Mwanza. Halafu daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 zote. Nikamuuliza kwa upole, samaki anahusikaje na daraja? Akasema, "Kaka, limefunguliwa 2025, tuonyeshe maendeleo."

Ghana miaka ya 1980 wenzetu walichora posta za video kwa mkono, juu ya viroba vya unga. Mara nyingi mchoraji muvi hajaiona, anaweka nyoka, anaweka kichwa cha mtu mkononi, na wateja wanajaa. Mimi nazuiwa kuweka giza.

Akataka na kava la jarida. Jarida gani? Lolote, la kurusha status, watu waone muvi imeandikwa. Haya, nikatunga jarida lisilo na ukurasa hata mmoja wa ndani. Jina la jarida linakaa juu kabisa kwa sababu mezani kwa muuza magazeti yanapangwa yakifunikana, kinachochungulia ni hapo juu tu. Yeye anataka kichwa chake ndiyo kikae hapo, kizibe jina. "Jarida hawalijui, mimi wananijua." Wanaomjua wengi wanamdai, mimi nikiwemo.

Kuprinti nako mkosi. Mashine haina wino mwekundu, nyekundu inapikwa kwa majenta na njano. Majenta ikaisha katikati ya kazi, damu ikatoka ya njano. Nilitaka kuzichana zile, kijana akazikumbatia. "Usichane kaka! Ndiyo damu ya jini." Ya njano kaipenda. Samaki ndiyo anacheka! Mayo wane, mimi nitahamia Ukerewe nikalime machungwa.

Nikiwa najiandaa kumjibu dairekta ile meseji yake, kaingia mzee wa Igoma na picha ya pasipoti ya marehemu kaka yake, mazishi kesho Magu. "Mwanangu, mvue kofia." Shikamoo mzee, nikimvua, chini ya kofia kamera haikupiga kitu. "Nywele zake zilikuwa za kawaida tu." Haya. "Na umvalishe suti." Suti ninayo moja kwenye kompyuta, ya bluu, imeshavaliwa na marehemu wengi wa Nyamanoro, wagombea udiwani na bwana harusi mmoja. Nikamvalisha. Mzee akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akaridhika, halafu akauliza viatu viko wapi. Nikamwambia mzee wangu, picha inaishia kifuani. Akasema hilo anaelewa, ila viwepo, vyeusi, namba tisa, marehemu alikuwa mtu wa viatu.